Senyenge ya Mama Vestine na Mtego wa Radi

Ninyi vijana wa kituo cha kusikiliza radi cha Masisi mnaicheka redio yangu. Nikipita pale kuwasalimu mnaanza: Mama Esperanse amestaafu lakini bado anatembea na redio yenye antena iliyofungwa kwa uzi. Chekeni tu, meno ni yenu. Ila siku mashine zenu zenye taa za kijani zitakapowadanganya, na zitawadanganya, mtanipigia simu, na mimi nitapanda moto, pikipiki yoyote ya barabarani, na redio hiyo hiyo begani.

Wiki hii nimesikia jambo lililonifanya niache kupepeta maharagwe yangu na kuketi kuwaandikia. Nimesikia mnataka kupandisha kizingiti cha mashine ya Kalembe. Mmechoka na kelele, mnasema. Diski inajaa, ramani inachafuka, na dawa mliyoiona ni kuiambia mashine isikilize sauti kubwa peke yake. Sikatai kwamba mna mamlaka hayo, funguo nilizikabidhi mwenyewe. Lakini mtanisikiliza kwanza, kwa sababu ninajua kitu kimoja kuhusu kizingiti hicho ambacho hakimo katika vitabu mlivyosoma Goma.

Nianze na mtego, maana mmoja wenu aliniuliza maana yake na mwenzake akamcheka. Radi ina haraka kuliko unavyofikiri. Ngurumo ndiyo inayochelewa na kuvuta miguu, lakini ule mshtuko wenyewe unaopita hewani na kugusa antena, ukipepesa jicho umeshakuja na kwenda mara nyingi. Mashine haiwezi kuandika kila kitu inachosikia, ingejaa kabla ya chai ya asubuhi. Kwa hiyo inasikiliza wakati wote na kuandika mara chache. Kile kinachoiambia «sasa andika» ndicho vitabu vinakiita déclencheur. Sisi tuliita mtego, kwa sababu kule Itebero, kilipo kituo chetu cha msituni, kila mtu anajua mitego. Ukiutega mwepesi mno, jani likianguka unafyatuka, na wewe unatembea nusu siku kwenda kukusanya jani. Ukiutega mgumu mno, mnyama anaukanyaga na kuendelea na safari zake. Ugumu wa mtego ndio kizingiti.

Nilipoanza kazi, kizingiti kilikuwa skrubu. Naam, skrubu. Kulikuwa na kisanduku cha bati, na mkubwa wangu Papa Anselme alikuwa anaigeuza skrubu hiyo kwa turnavisi ndogo, bisibisi ya fundi wa saa, ulimi umetoka nje kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Asubuhi ikiwa baridi alikuwa anaipata sawasawa. Jua la mchana likishapasha bati, kizingiti kinahama chenyewe, na jioni tunakuta mashine ililala wakati anga lote lilikuwa linapasuka. Papa Anselme alikuwa anakigombeza kisanduku kama mtu mzima anayechelewa kazini. Alikuwa mfupi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata barabara ikiwa matope mpaka magotini, na hakugusa mashine yoyote kabla ya kusikiliza kwanza redio yake ndogo, mahali pasipo na stesheni. Redio ninayoibeba ndiyo hiyo.

Halafu zikaja kadi za tarakimu, na kazi yetu ikabadilika. Sauti ya antena inakatwa kuwa namba, namba nyingi ajabu kwa kila kufumba jicho, nazo zinapita moja baada ya nyingine katika kumbukumbu inayozunguka. Namba mpya ikiingia, ya zamani inasukumwa nje. Kadi inaziangalia zikipita: hii imeruka juu ya kizingiti? Imeruka kwa ghafla namna gani? Imekaa juu muda gani? Mtego ukifyatuka, mashine haianzi kuandika kuanzia kishindo peke yake. Inageuka nyuma na kuchukua pia kilichokuwa bado kinazunguka mle ndani, yaani yale yaliyokuja kabla. Siku tulipoiwasha mara ya kwanza, Papa Anselme alitazama kioo, kisha akaniambia neno ambalo nimelitumia mpaka nyumbani na wanangu.

«Muntu mwenye anafika ku fujo na kuchelewa anaonaka tu ngumi ya mwisho. Hii mashine inaonaka na ngumi ya kwanza.»

Ninyi mnaichukulia kumbukumbu ile kuwa kitu cha kawaida, mnaifupisha ili kupata nafasi. Msiifupishe. Na kabla sijasahau: kila mara mashine inapoandika, kuna muda mdogo ambapo haisikii kitu kingine. Ni kama mama wa mapokezi mlangoni mwa harusi. Akimshika mgeni mmoja na kuanza kumuuliza habari za wajomba wote, wengine wanaingia bila kuandikwa. Kwa hiyo kila kelele ya bure unayoiruhusu iandikwe inakuibia radi ya kweli. Hapo mna haki kabisa ya kuchukia kelele. Tunatofautiana tu juu ya namna ya kuifukuza.

Kelele nimezijua zote. Sisimizi wanaojenga ndani ya kifuniko cha waya. Maji yanayoingia kwenye kiungo ambacho fundi alikiapia kwamba kimefungwa vizuri. Mbuzi wa Itebero aliyetafuna kebo mpaka kwenye shaba; tulipofika alitutazama bila aibu na kuendelea kutafuna. Simu mnazochaji juu ya meza ya mashine, na ninyi mnajijua. Lakini kelele iliyonifundisha kazi ilikuwa ya Kalembe, nayo ilitoka kwa rafiki yangu.

Kituo cha Kalembe kimesimama kwenye kilima cha Mama Vestine, mfugaji. Yeye ndiye aliyetupa kipande kile cha ardhi, bila maneno mengi, baada ya kuelewa kwamba tukisikia mvua ya radi ikiwa bado mbali, tutapiga simu na washumba, wachungaji wake, watateremsha ng'ombe kutoka mgongoni mwa kilima, na shule itawaingiza watoto ndani. Ni mwanamke mpana, wa kicheko cha mbali, anatengeneza fromaji, jibini inayofika mpaka Goma, na kanisani anaimba sauti ya pili kwa nguvu za mtu anayeita ng'ombe. Shida yake ilikuwa moja: ng'ombe wake walipenda maharagwe ya jirani. Basi akanunua senyenge ya umeme, ile yenye kisanduku kidogo cha nguvu za jua kinachotuma mshtuko katika waya, kinapumzika, kinatuma tena.

Toka siku ile Kalembe ikawa na radi mfululizo. Radi asubuhi, radi adhuhuri, radi jua likiwaka na nguo zikikauka kwenye majani. Kule ofisini Goma, ramani ilipaka kilima cha Mama Vestine rangi nyekundu tupu, na mheshimiwa mmoja akaanza kupanga safari ya kuja kupiga picha maajabu hayo. Papa Anselme akanichukua tukaenda. Moto ilikwama njiani kama kawaida yake, tukamalizia kwa miguu. Alipofika hakufungua hata mlango wa kituo. Aliwasha redio, akaizungusha hadi mahali pasipo na stesheni, akatembea taratibu kando ya senyenge. Tak. Tak. Tak. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani, na ile suruali yake iliyonyooka.

«Esperanse,» akasema, «radi yako iko na pano ya jua na betri.»

Kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu halikuwa jambo geni. Kilima kizima kilikuwa kimeshazoea. Tangu senyenge ile iwashwe, kila redio pale juu ilipiga tak, tak katikati ya habari na mahubiri, na watu waliongeza sauti tu.

Goma wakatuma jibu kama lenu la leo: pandisheni kizingiti. Papa Anselme akakataa. Mimi nilikuwa bado mgeni kazini, nikamuuliza kwa nini anajitafutia ugomvi na wakubwa kwa jambo la kugeuza namba moja. Aliniambia nisiwe na tabia ya kumfukuza mtu kwa sababu anasema polepole. «Kama anatoka mbali, sauti yake itakuwa kidogo tu,» akasema. Mvua ya radi inayozaliwa upande wa ziwa, ikifika kwenye antena ya Kalembe ni mnong'ono. Na mnong'ono huo ndio unaompa mshumba nafasi ya kuteremka. Ukipandisha kizingiti juu ya senyenge, umepandisha pia juu ya mnong'ono. Utasikia radi vizuri sana ikiwa kichwani pako.

Badala yake tulifanya hivi. Tuliacha kizingiti chini. Kituo kimoja kikiruka, kinaviuliza vingine viwili: na ninyi mmesikia? Senyenge ya Mama Vestine inasikika Kalembe peke yake. Radi ya kweli inasikika Kalembe, Masisi na Itebero, karibu kwa wakati mmoja, kwa tofauti ile ndogo ya mwendo wa njiani, na kwa tofauti hiyo unapata mahali ilipopiga. Vyote vitatu vikikubaliana, tunaandika. Kimoja kikipiga kelele peke yake, tunakiacha kiendelee. Ilitubidi saa za vituo vyote zifuate satelaiti, zisipishane hata kidogo, na ilitubidi kumbukumbu inayozunguka iwe kubwa zaidi, ili mashine iweze kusubiri jibu kutoka Itebero, kwa sababu mtandao wa kule mnaujua. Miaka ambayo barabara ilifungwa, nilisimamisha mlingoti wa pale kwa kuwaelekeza wanakijiji kwenye simu: sogeza kulia, Papa, hapana, kulia kwako.

Goma walituomba kitu kimoja cha mwisho, kwamba angalau tuzifute zile tak katika rekodi zenyewe ili zipendeze. Papa Anselme akasema ukishafua nguo hutajua tena doa lilikuwa la nini. Tukaziacha. Mpaka leo zipo. Wengi wenu mnadhani ni uzembe wa wazee.

Papa Anselme amepumzika sasa, Mungu amlaze pema. Aliondoka kabla ya Jumapili ninayotaka kuwaeleza, na nilimlilia mara ya pili siku ile, kwa kuwa alistahili kuwapo.

Jirani mwenye maharagwe ni Papa Bauma. Mzee mkimya, mkulima wa kilima kile tangu babu zake, mjane. Mke wake amezikwa nyuma ya nyumba, kando ya migomba. Katika kwaya anaimba sauti ya chini kabisa, nyuma ya Mama Vestine, na kwa miaka yote wale wawili walikuwa wakipeana: maziwa yanapanda, maharagwe yanateremka. Jumapili hiyo mtu aliacha lango la senyenge wazi. Watu wakiwa kanisani, ng'ombe waliingia katika shamba lake, maharagwe yakiwa katika maua. Baada ya ibada Papa Bauma akapita shambani, akaona, akarudi hadi uani kwa kanisa akiwa bado na koti lake la Jumapili. Watu wote walikuwa bado wamesimama wakisalimiana. Mtu huyo ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti alimwelekeza Mama Vestine kidole.

«Mungu iko anaona,» akasema. «Radi ipige ile ngombe yako yote.»

Kisha akaenda nyumbani. Na kabla ya saa ya kukamua, jua likiwa juu ya kilima na mbingu nyeupe kabisa juu ya vichwa, ikisikika tu ngurumo ndogo huko nyuma ya mlima, radi ikapiga. Ng'ombe waliokuwa wamesimama kando ya senyenge walilala wote kwa pamoja, hawakuamka tena. Mmoja wao alikuwa Kamwiza, ng'ombe mzee aliyewalea watoto wa Mama Vestine kwa maziwa yake. Mshumba aliangushwa chini, akaamka akiwa hasikii sikio moja.

Washumba waliniambia baadaye kwamba simu ya tahadhari iliingia, lakini simu yenyewe ilikuwa ndani ya koti la mmoja wao, na koti lilibaki kanisani kwenye benchi. Tangu siku hiyo ninasema: tahadhari ipigwe kwa watu wawili. Liandikeni hilo.

Ninyi mmezaliwa hapa, sihitaji kuwaeleza kilichofuata. Mtu ametamka, mbingu nyeupe imejibu. Jumatatu hakuna aliyemsalimu Papa Bauma. Jumanne njia ya kwenda kisimani ilikuwa imezibwa kwa miiba mbele ya nyumba yake. Vijana wa kilima wakasema awe ameondoka kabla ya Jumapili inayofuata, la sivyo bati la nyumba yake litaonana na moto. Pasta alihubiri, alizunguka, alibembeleza, lakini walimsikiliza kwa heshima na kubaki na neno lao. Na Mama Vestine hakusema kitu. Hakumtukana, hakumtetea. Kwa mwanamke wa sauti ile, ukimya wake watu waliuchukua kuwa ruhusa.

Pasta ndiye aliyenipigia simu. Nilipofika Kalembe vijana walikuwa wamekaa ukutani kwa kituo, wakinisubiri. Mmoja, aliyekuwa na macho mekundu ya kutolala, akaniuliza:

«Mama, mashine yako inaonyeshaka jina ya muntu mwenye alituma ile radi?»

«Inaonyeshaka saa na fasi kwenye ilipiga,» nikamwambia. «Jina haijui.»

Niliingia, nikafunga mlango, na nitawaambia ukweli: niliogopa. Mimi, mtu wa kujiamini mnayemjua. Kama mtego ulilala siku ile, kama ningekuta kishindo kimoja tu cha mchana na hakuna kitu kabla yake, basi mashine yetu ingekuwa shahidi wa pili dhidi ya mzee yule. Ingethibitisha kwamba alisema na ikapiga.

Nikafungua rekodi za Jumapili, na minong'ono ilikuwa pale. Midogo, chini kabisa, mahali ambapo Goma walitaka tukate. Ya kwanza ilitoka upande wa ziwa, asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza ya kanisa. Vituo vitatu vimekubaliana. Kisha ikatembea: milima ya Masisi wakati wa nyimbo, nyuma ya mlima wa Kalembe wakati wa mahubiri. Waliokuwa Kalembe hawakuiona kwa sababu mlima uliificha. Na kila rekodi ilikuwa na senyenge ndani yake, tak, tak, mpaka ile kubwa ya alasiri. Baada ya hiyo, rekodi zote zinazofuata hazina tak hata moja.

Nilitoka na vijana wale tukapanda kufuata waya mpaka juu kabisa. Mti wa mwisho wa senyenge, ule uliosimama peke yake mgongoni mwa kilima, ulikuwa umepasuka kutoka juu mpaka chini. Radi ilitoka ubavuni mwa mvua iliyokuwa nyuma ya mlima, ikaruka mbali, kama inavyofanya mara nyingine, ikaushika mti ule na kuteremka na waya hadi kwa ng'ombe. Kisanduku tulipokifungua kilinuka moshi. Yule wa macho mekundu alikibeba mwenyewe mpaka chini.

Nilijua mistari ya kwenye kioo haitawaridhisha watu wa kilima, na hawana kosa. Mstari ni mstari. Basi nikazigeuza namba kuwa sauti, na Jumamosi pasta akaita watu uani kwa kanisa, akatoa bafle, spika kubwa ya kwaya. Sikuwafundisha kitu. Niliwaambia hii ni Jumapili iliyopita kama mashine ilivyoisikia, na mtaitambua. Nikapiga. Tak. Tak. Watu wakacheka kidogo, maana kila mmoja aliijua sauti hiyo kutoka redioni kwake. Kisha, katikati ya tak, mkwaruzo mdogo, ule ambao redio hufanya mvua ikiwa mbali. Nikawaambia, hapa kengele ya kwanza bado. Nikapiga mwingine. Hapa mnaimba, Papa Bauma yupo nyuma ya Mama Vestine, sauti ya chini. Mwingine, wenye nguvu zaidi. Hapa mnasikiliza mahubiri na wengine mmesinzia. Halafu nikapiga ile ya alasiri, na watu wakarudi nyuma kwa pamoja. Nikapiga iliyofuata. Mkwaruzo ulikuwapo, lakini ule mpigo waliouzoea haukuwapo.

Mama Vestine alikuwa amekaa mbele, mikono kwenye mapaja. Yeye ndiye aliyesikia kabla ya wote.

«Senyenge yangu imenyamaza,» akasema.

Nisiwadanganye kwamba wote waliamini. Mzee mmoja alisema kwamba mtu anaweza kutuma asubuhi na kusema mchana. Mama Vestine akageuka, akamwambia kwamba asubuhi maharagwe yalikuwa bado mazima na Papa Bauma hakuwa na sababu, na kwamba ng'ombe walikuwa wake, machozi yalikuwa yake, na asiyekuwa na ng'ombe aliyekufa apumzike. Hapo kwenye mkutano hapakuwa na mwingine mwenye ng'ombe aliyekufa. Akanyanyuka, akaenda nyumbani, akarudi na maziwa katika chombo cha mti kile cha wageni, akaniambia twende, na mashine yako.

Mlango wa Papa Bauma ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dirishani niliona furushi limefungwa tayari, na godoro limekunjwa. Tulibisha, tukaita. Mama Vestine akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba amekuja na maziwa, kwamba imeonekana si yeye. Halafu sauti ile ya chini kabisa ikatoka nyuma ya mbao.

«Muniache. Ni miye. Nilisema na kinywa yangu, na ikafika.»

Wiki nzima sote tulikuwa tunapigania kumwokoa na watu, na hakuna aliyewaza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameshajihukumu. Miiba ya njiani hakuiondoa kwa sababu aliona inamfaa. Alikuwa anafunga furushi kuliacha kaburi la mke wake akiamini kwamba ameua kwa neno. Mama Vestine alinitazama. Nikachuchumaa, nikaweka kompyuta kwenye kizingiti cha mlango wake, nikapiga ule mkwaruzo wa kwanza, mdogo kuliko yote.

«Hii iko ya saa gani?» akauliza.

«Mbele ya kengele ya kwanza, Papa. Ulikuwa ungali unafunga kravati shingoni.»

«Rudisha.»

Nikarudisha. Akaniambia nirudishe tena. Nilimsikia akisogea, akikaa chini upande wa pili wa mbao, karibu nasi.

«Ilianza mbele niseme?»

«Mbele useme,» nikamwambia. «Mbele hata ngombe ziingie mu maharagi yako.»

Tulisikia akilia. Mama Vestine naye akalia, pale pale amesimama, akijitahidi maziwa yasimwagike. Kisha komeo likasogea na mlango ukafunguka, na Papa Bauma akapokea chombo kwa mikono miwili, akanywa, akamrudishia naye anywe.

Bado yupo Kalembe. Miiba waliiondoa wale wale walioiweka. Mti wa juu wa senyenge haupo tena, waya umeteremshwa chini ya mgongo wa kilima na umefungwa chuma kinachoingia ardhini. Wenzenu wafugaji waambieni wafanye hivyo hivyo. Mama Vestine ana kisanduku kipya, na ndicho kinachowaudhi hivi sasa.

Basi, vijana wangu, mkitaka kukitafutia dawa, nitakuja niwasaidie. Ongezeni kumbukumbu, angalieni saa za Itebero, toeni simu zenu juu ya meza. Lakini mkiona ni lazima kizingiti kipande, pandeni moto kwanza mpaka kwa Papa Bauma. Atawapa kiti na maharagwe ya kuchemsha. Mkishakula, mwambieni yeye kwamba mmeamua minong'ono ya asubuhi haina kazi.